Konokono Aliyemla Mfalme

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri Mkuu ameniita ofisini kwake asubuhi. Nilikwenda nimejiandaa kujitetea kuhusu kosa la ukurasa wa 88, ambalo si langu. Kumbe nimeitiwa heri.

Habari yenyewe: mwandishi wetu mkubwa, yule mama wa riwaya za mazimwi na falme za kubuni, macho yamemfifia. Mtoto wa jicho, yote mawili. Atapasuliwa la kulia Ijumaa ya wiki ijayo. Kitabu chake cha saba kimebaki sura tatu, na hawezi tena kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Anataka mtu wa kukaa naye nyumbani, yeye aseme, mtu aandike. Mhariri Mkuu amesema nimechaguliwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kipaji hakukitaja. Nimemsamehe.

Mchoraji wa majalada alikuwa ameiomba kazi hiyo. Amenyimwa. Mwandiko wake ni kama kuku amekanyaga wino. Nimempa pole mara tatu. Ya tatu haikuwa ya lazima.

Miaka kumi na tisa nasahihisha miswada katika nyumba hii ya uchapishaji. Vitabu sita vya yule mama, mimi ndiye niliyevisoma kabla ya dunia nzima. Kile cha nne, chenye ndege wanaokula majina ya watu, nilikisahihisha huku nalia na nikaacha makosa manne. Hakuna anayeandika kama yeye. Nasema hivyo bila wivu.

Wivu kidogo upo.

Mimi pia nina riwaya. Mfalme anarudi kutoka vitani, anafika kwenye lango la jumba lake. Ukurasa wa kumi na moja. Huu ni mwaka wa tisa amesimama langoni. Hajui aingie au asiingie. Mimi pia sijui.

Mpango: nina siku nane za kazi nyumbani kwake. Nitachunguza anachota wapi. Kila mto una chemchemi, nami nikiiona nitatia ndoo. Nimemweleza mke wangu. Amesema niangalie nisitumbukie.

Jumanne, 4 Machi

Ghorofa ya pili, ngazi ishirini na mbili. Mama Mwandishi hupanda akizihesabu kwa sauti, maana ya mwisho haioni. Ana miaka sabini na moja, mwembamba, sauti ya mwalimu wa zamu. Nilimwamkia, akaniuliza viatu vyangu vinanibana tangu lini. Alisikia mwendo tu.

Nimeukagua ukumbi kwa jicho la kitaalamu. Meza dirishani. Juu yake makufuli arobaini na moja, mabovu yote, yamepangwa kama askari gwaride. Hapo chini, beseni la bati lililofunikwa wavu, na ndani yake konokono saba. Kila mmoja ana cheo: Hakimu, Karani, Mshonaji, Bawabu, Bibi Harusi na wengine wawili ambao wamestaafu. Kwenye rafu, redio kuukuu iliyochomekwa uma badala ya waya wa kunasia mawimbi.

Tukaanza. Aliegemea kiti, akafumba macho na kusema: “Chini ya soko kuna mji mwingine. Wakazi wake wanaishi kwa yale tunayoyaangusha: vifungo, sauti, ahadi.” Kalamu yangu ikasimama. Akauliza kama nimelala. Nilikuwa nimesisimka mpaka kwenye visigino.

Wakati wa chai nilijikaza nikamuuliza anavitoa wapi vitu kama hivi. Akasema leo asubuhi alikuja fundi bomba kurekebisha sinki, naye akamuuliza maji yanaogopa nini. Fundi alifikiri, spana mkononi, akajibu kwamba maji yanaogopa kusimama, ndiyo maana hayaachi kutafuta tundu.

Nikacheka kwa adabu. Wazee wanapenda mizaha. Nilipofika nyumbani niliandika kwenye daftari la uchunguzi: makufuli 41, konokono 7, redio 1, chai bila sukari, kikombe cha buluu, mkono wa kushoto. Ya fundi bomba sikuyaandika.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza na makufuli, kwa kuwa ndiyo mengi. Jana jioni nilipita kwa fundi wa kufuli nikaomba mabovu. Akanipa matano, akaniambia moja kati yake si bovu, lina kiburi tu. Hakusema ni lipi.

Mama Mwandishi huyachokoa makufuli yake kwa kibanio cha nywele huku akiwaza. Nami leo alfajiri nikatafuta pahali pa kufungia la kwanza, nikaona vipete vya kabati la nguo. Likafunga vizuri. Halikufunguka. Nikalichokoa kwa kibanio, kwa uma, kwa ncha ya kalamu nyekundu. Mke wangu akatoka bafuni na taulo, akanikuta nimepiga magoti mbele ya kabati kama mtu anayemwomba radhi.

Nguo zake zote zimo humo. Anafundisha hesabu na kipindi cha kwanza ni saa mbili kamili. Hakupiga kelele. Alisema, “Nipe suruali yako.” Suruali yangu, shati langu, mikono kaikunja mara tatu, akaenda.

Nilichelewa kazini. Mama Mwandishi akataka kujua kwa nini. Sikuwa na uongo wa haraka, ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha ikawa ni maswali. Mke wangu alitembeaje ndani ya suruali? Neno la kwanza alilosema ni lipi? Kufuli lilitoa mlio gani? Majirani waliangalia vipi? Nusu saa nzima imepotea kwa upuuzi wa nyumbani kwangu, na sura tatu zinatungoja.

Baadaye akaja na kitu cha ajabu kabisa. Katika ule mji wa chini, mlinzi wa jumba anayafungia mavazi ya malkia kwa bahati mbaya. Malkia anatoka amevaa deraya ya mlinzi, vazi la chuma la vitani, na jeshi lililokuwa limegoma linasimama wima na kumtii kwa mara ya kwanza. Kurasa sita, bila kufuta neno. Niliandika nikiwa nimefungua kinywa. Sijui anavitoa wapi.

Jioni mke wangu ameniarifu kwamba kidato cha nne wamekaa kimya kipindi chote. Suruali hajairudisha.

Hitimisho: makufuli yanafanya kazi, ila kwa yake tu. Yangu hayana uzoefu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo konokono.

Kila baada ya aya mbili tatu Mama Mwandishi huinama, hutia mkono kwenye beseni, humweka konokono mmoja juu ya kiganja na kumwacha atembee. Anasema konokono humfundisha kutokuwa na haraka na sentensi. Basi nikaona wazi: chemchemi ni mwendo wa konokono.

Sikuiba. Nimeazima bila kusumbua mtu. Alipokwenda jikoni nilimtwaa Hakimu, mkubwa wao, nikamtia kwenye kopo la chakula changu cha mchana na jani moja la kabichi. Nilijiambia kwamba macho yale hayawezi kugundua konokono mmoja. Nilipojiambia hivyo nilijisikia vibaya, lakini nilikuwa nimeshafunga kopo.

Nyumbani nilimweka Hakimu mezani, juu ya mswada wangu, apate kuizoea kazi. Nikaketi kumtazama. Mwendo wa konokono una amani sana. Nikasinzia.

Kuamka, Hakimu yuko katikati ya ukurasa wa kumi na moja, na ukurasa una tundu. Kumbe konokono anakula karatasi. Lango lipo. Farasi yupo. Mfalme hayupo. Ameliwa kuanzia taji hadi nyayo.

Mke wangu alikuja, akautazama ukurasa, akamtazama konokono. Akasema, “Huyu ndiye wa kwanza kuimaliza riwaya yako.”

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda na kopo chini ya kwapa na moyo mdomoni.

Mama Mwandishi alikuwa ameketi, vidole vyake vimelowa. Akaniambia kwamba kila asubuhi huwahesabu kwa kuwagusa, na leo ni sita. Hakuniuliza kitu. Ni afadhali angeuliza.

Akaanza kusema, mimi kuandika. Katika mji wa chini, hakimu anatoweka siku ya kesi kubwa. Wenye kesi wanangoja, wanachoka, wanaanza kupiga soga. Mdai anagundua kwamba mdaiwa ni mjane kama yeye. Jioni wanaondoka wamebeba kiti cha hakimu pamoja, wakakitumie kulia chakula. Ni sura nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na mimi niliiandika kama mtuhumiwa anayeandika maelezo yake, maana ndiye mimi.

Alipokwenda kuchemsha maji nikafungua kopo, nikainua wavu, nikamrudisha. Aliporudi aliweka chai, akainama, akapapasa.

“Hakimu amerudi kutoka likizo,” alisema. “Na amenenepa.”

Nikakiri. Kila kitu: konokono, kopo, kabichi, mfalme. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyevunja kikombe. Nilitegemea nifukuzwe, na ningestahili. Yeye akauliza, “Alianza kumla kichwani au miguuni?”

Huyu mama ana moyo mkubwa. Nimerudi nyumbani nimeapa sitagusa tena kitu chake. Redio siihesabu, kwa kuwa redio si kitu, ni sauti.

Jumatatu, 10 Machi

Mchoraji wa majalada alikuja leo, eti kuonyesha rasimu za jalada kwa mtu asiyeona vizuri. Alimwelezea rangi moja moja kwa mdomo, kwa utaratibu, na Mama Mwandishi alitabasamu kama mtu anayelishwa asali. Nikatamani kumchukia. Alifanya vizuri.

Ila alinisaidia bila kujua. Alimuuliza kuhusu redio, naye akasema hupenda kusikiliza mechi za mpira zinazotangazwa kwa lugha asiyoijua hata neno moja. Hubuni mwenyewe kinachosemwa. Miaka mingi amefanya hivyo, tangu mumewe yuko hai. Walikuwa wakiketi hapo wawili, huyu anabuni upande wa kushoto wa uwanja, yule wa kulia.

Kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana nilikwenda ofisini, nikajifungia kwenye chumba cha karatasi na redio ya mlinzi wa ofisi. Nikazungusha kitufe mpaka nikapata mwanamume anayezungumza lugha ya mbali kwa uchungu mkubwa. Nikafumba macho. Ndugu wawili, mto katikati yao, kila mmoja akimwambia mwenzake avuke kwanza. Niliandika kurasa tatu bila kuinua kichwa. Machozi yalinitoka. Sijawahi kuandika namna ile maishani.

Mhariri Mkuu akafungua mlango akiwa na mgeni, mfasiri mmoja aliyesoma ng’ambo. Mfasiri akasikiliza kidogo, akasema ah, utabiri wa hali ya hewa. Mawingu upande wa kaskazini, upepo wa wastani.

Nimezichana zile kurasa tatu. Siwezi kujenga kazi ya sanaa juu ya msingi wa uongo.

Jumatano, 12 Machi

Jana kutwa, na leo hadi mchana, hatukuandika kitu. Sura ya mwisho imegoma. Malkia wa mji wa chini ameupata mlango wa kutokea juu, kwenye mwanga, na Mama Mwandishi hajui afanye nini. Alichokoa kufuli, akaliacha. Alimshika Karani, akamrudisha. Redio hakuiwasha.

Saa tisa hivi akasema, bila kunigeukia, “Nina hofu, mwanangu.”

Nikasema kitabu kitaisha tu, Mhariri Mkuu hana haraka. Akasema si kitabu. Anaogopa Ijumaa. Anaogopa kwamba watafungua bendeji na giza litakuwa palepale. Watoto wa ndugu zake amewaambia kwamba ni kitu kidogo, kama kung’oa jino. Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa ukweli.

Mimi ni mtu wa mikato na nukta. Nikawaza lolote la kumpunguzia mawazo, nikakuta sina jingine ila mfalme wangu. Basi nikamsimulia jinsi alivyokuwa amesimama langoni miaka tisa kabla ya kuliwa.

Akanigeukia. Akauliza amebeba nini mkononi. Sikuwahi kufikiri. Nikasema viatu, maana vinambana. Akauliza nani yumo ndani. Nikasema ndilo hasa linalomtisha: huenda ndani wapo wanaomngoja, na yeye si yule waliyeagana naye. Au hayupo hata mmoja anayemngoja. Ukiwa nje ya lango, yote mawili bado hayajatokea.

“Na wewe?” akauliza. “Ukimaliza kitabu chako, nani yuko ndani?”

Nikajikuta namwambia habari za baba yangu, aliyekuwa akinisomea magazeti ya zamani kama hadithi, na ambaye aliniambia siku atakaponiona kwenye jalada atanunua miwani mipya. Amefariki mwaka wa pili wa mfalme. Tangu hapo sijui namwandikia nani. Jambo hili mke wangu halijui. Sijui kwa nini nilimwambia mama wa watu.

Aliweka mkono wake juu ya wangu. Kisha akasema, “Andika.”

Akaisema sura yote kwa pumzi moja. Malkia amesimama mlangoni, viatu mkononi, akiuogopa mwanga. Hajui kama juu yupo anayemngoja. Anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, kwa adabu, kama mgeni, na anapoingia hakuti mtu ila kiti, na juu ya kiti miwani ya marehemu baba yake. Anaivaa. Hapo kitabu kinaisha.

Sikuweza kusoma nilichoandika, karatasi ilikuwa imelowa. Tulikaa tu wawili, tunapenga kamasi.

Njiani nimetambua jambo moja la kusikitisha. Mfalme wangu langoni, malkia wake mlangoni. Tumefikia wazo moja kwa wakati mmoja, kama inavyotokea kwa watu wenye akili. Itabidi nibadilishe langu.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya mwisho. Nimemsomea sura tatu kwa sauti, naye akarekebisha maneno kumi na moja tu. Kisha akanitaka niandike tabaruku ya kitabu, kwenye ukurasa wa mbele. Akasema: “Kwa msahihishaji wangu, aliyenipa sura tatu.”

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka kumi na tisa sijawahi kutajwa kwenye kitabu, hata nyuma, hata kwa herufi ndogo. Nilipotulia nikaisoma mara sita kwa makini na nikakuta kosa. Sikumpa mimi. Nilimwandikia. Nikapendekeza kwa heshima: “aliyeniandikia sura tatu.”

Akasema iachwe ilivyo. Waandishi wakubwa hawapendi kusahihishwa.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali. Benchi la kijani, karibu na mlango wenye taa nyekundu. Mimi upande huu, mchoraji upande ule, katikati yetu mkoba wa Mama Mwandishi. Kabla ya kuingia alimuuliza muuguzi kama macho huota ndoto yakiwa yamefungwa bendeji. Muuguzi akasema hajawahi kuulizwa swali hilo tangu aanze kazi, akasimama kulifikiri, mpaka daktari akamwita.

Muda hauendi. Mchoraji alikuwa akichora nyuma ya fomu. Nikachungulia: malkia mwenye deraya iliyompwaya, mikono imekunjwa mara tatu, na nyuma yake mlinzi amepiga magoti mbele ya kabati. Kazi nzuri, lazima niseme. Akaniuliza kama nimegundua yule mlinzi kafanana na nani. Nikamwambia hafanani na mtu, huo ndio ukubwa wa yule mama, anabuni kutoka hewani. Halafu akanikatia nusu ya mkate wake.

Taa ikazimika saa sita na robo. Daktari akatoka, akasema imekwenda vizuri, mengine tungoje kesho. Mchoraji na mimi tukashikana mikono kwa nguvu, kisha kila mtu akajifanya anatafuta leso.

Jumatatu, 17 Machi

Anaona.

Bendeji ilitolewa Jumamosi. Kitu cha kwanza alichotazama ni kucha za muuguzi, akazisifu. Cha pili ni mimi. Alisema alinidhania mrefu zaidi. Jicho la kushoto litapasuliwa mwezi ujao.

Leo nilimpelekea machungwa na mswada uliopigwa chapa. Nilimkuta ameketi dirishani anayasoma maandishi ya dawa kwenye kichupa, herufi ndogo zile, kwa furaha ya mtu anayesoma barua ya mapenzi. Akanieleza kwamba usiku ule mmoja ndani ya bendeji aliona nchi nzima: milima ya manyoya, mabaharia wanaosafiri kwa kukumbuka, jua linaloomba ruhusa kabla ya kuchomoza. Kitabu cha nane kimeshafika sura ya pili. Niliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiyejali, ni bendeji ya namna gani. Akasema ya kawaida tu, ila muuguzi alikuwa akimsimulia utoto wake muda wote alipokuwa akiifunga.

Sikungoja ya muuguzi. Kila kitu kimekuwa wazi. Makufuli, konokono, redio, nilikuwa napapasa pembeni. Chemchemi ni upasuaji.

Nimeshuka moja kwa moja kliniki ya macho, nikapanga foleni, nikapimwa. Herufi zote nimezisoma hadi mstari wa chini kabisa, na nikamwonyesha daktari kwamba mmoja una nukta isiyohitajika. Amesema macho yangu ni mazima, hayana tatizo lolote.

Nimemwambia hilo ndilo tatizo lenyewe. Nimepewa nafasi ya kumwona tena Alhamisi, pamoja na mwenzake wa wagonjwa wa akili. Wawili kwa mpigo. Naona wamelichukulia kwa uzito.